Riwaya au sinema? Jamie na Landon walivyosimuliwa mara mbili

Kila shule zinapofungwa, wazazi wengi mjini hukutana na jibu lile lile. Mtoto ameambiwa asome riwaya walau moja kabla ya kurudi shuleni, naye anasema bila wasiwasi kwamba hana haja ya kujisumbua, kwa kuwa sinema yake amekwisha kuitazama. Mzazi hupandwa na hamaki. Lakini akiulizwa hasa ni kitu gani mtoto amekikosa, hushikwa na kigugumizi, na mwishowe husema tu kwamba kitabu kina mambo mengi zaidi. Jibu hilo halimtoshi kijana wa kidato cha tatu. Hata sanduku la nguo kuukuu lina mambo mengi.

Leo tujaribu kumpa jibu lililo bora kuliko hilo, na ili tusipotee njiani tushike kisa kimoja tu. A Walk to Remember, jina ambalo tungeweza kulifasiri kuwa Matembezi ya Kukumbukwa, ni riwaya ya Mmarekani Nicholas Sparks iliyotoka mwaka 1999. Sinema yake ilifuata Januari 2002, ikiongozwa na Adam Shankman kutokana na mswada wa Karen Janszen. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wamekwisha kutoa machozi kwa ajili yake. Kwa miaka mingi sinema hiyo imepita mikononi mwa wanafunzi na hata katika mikutano ya vijana makanisani, maana ni sinema ya mapenzi ambayo mzazi anaweza kuketi nayo sebuleni bila kutafuta rimoti kwa haraka.

Kwa asiyekijua, kisa chenyewe ni hiki. Landon Carter, ghulamu wa jamaa yenye jina, anamaliza shule ya sekondari katika mji mdogo wa Beaufort, pwani ya jimbo la North Carolina. Katika shule hiyo hiyo yumo Jamie Sullivan, binti wa mchungaji, banati mpole asiyejali mitindo ya mavazi na ambaye wenzake humcheka. Wawili hao wanakutanishwa na mchezo wa kuigiza. Jamie anamtahadharisha Landon mapema kwamba asije akampenda. Landon anampenda. Ndipo anapoambiwa kwamba Jamie anaugua saratani ya damu na hana siku nyingi, na vijana hao wanafunga ndoa.

Hayo yote yamo kitabuni na yamo katika sinema pia. Mwanafunzi anayetaka muhtasari peke yake hajapunjwa. Lakini muulize swali dogo la nyongeza, kwa mfano ni nani anayesimulia na anasimulia akiwa na umri gani, hapo utaona anavyoanza kutazama dari.

Riwaya inasimuliwa na mzee. Landon wa kitabuni ana miaka 57, na anachokikumbuka ni mwaka 1958 alipokuwa na miaka 17. Sinema imemwondoa mzee huyo, ikakihamisha kisa chote hadi zama zake yenyewe, miaka arobaini hivi baadaye. Ukisema hivyo haraka, ni kama kubadilisha nguo za waigizaji na aina ya magari. Sivyo hata kidogo.

Kwanza, mzee akisimulia ujana wake hujicheka. Nusu ya kwanza ya riwaya hii ni ya kuchekesha, jambo ambalo waliotazama sinema peke yake hawalisadiki. Landon anatusimulia jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakijificha nyuma ya miti usiku na kumtupia matusi mchungaji Hegbert Sullivan akipita, kisha wakikimbia huku mbavu zikiwauma kwa kicheko. Anasimulia pia jinsi alivyochaguliwa rais wa wanafunzi, akatakiwa kwenda kwenye dansi ya shule na mwenzi, akakuta kila msichana amekwisha kualikwa na mtu mwingine. Alimwendea Jamie kwa kukosa wa kumwendea. Ni hapo Jamie anapokubali kwa sharti kwamba asimpende, na Landon karibu aangue kicheko, kwa sababu hakuna jambo lililokuwa mbali zaidi na fikira zake. Msomaji naye hucheka. Kurasa mia baadaye ndipo anapotambua kwamba hakikuwa kiburi cha msichana. Lilikuwa onyo la mtu aliyejua kwamba anakufa na hakutaka kumwachia mwingine mzigo wa kuomboleza.

Katika sinema sharti hilo hutolewa Landon anapomwomba Jamie amsaidie kukariri maneno yake ya mchezo. Linasemwa vizuri, na vijana hulipenda mno. Ila tayari tunajua tumekuja kutazama nini, kwa hivyo halitushiki kwa ghafla kama lile la kitabuni.

Pili, mwaka 1958 unabeba ugonjwa wenyewe. Wakati huo saratani ya damu kwa kijana ilikuwa sawa na hukumu ya kifo. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1948, daktari Sidney Farber wa Boston alikuwa ameonyesha kwamba dawa zaweza kuurudisha nyuma ugonjwa huo kwa watoto, lakini kwa muda tu, kisha ulirejea. Kwa hivyo Sparks hakuhitaji kutueleza kwa nini Jamie hatibiwi. Hapakuwa na tiba ya kumponya. Walipokihamisha kisa hadi mwishoni mwa karne, watengenezaji wa sinema waliingia taabuni, maana kufikia hapo watoto wengi wa Marekani waliopatwa na aina ya kawaida zaidi ya saratani hiyo walikuwa wakipona. Ndiyo maana Jamie wa sinema analazimika kueleza kwamba amejua habari hiyo kwa miaka miwili na kwamba mwili wake umeacha kuitikia matibabu. Sentensi hiyo moja ndiyo inayoziba pengo la miaka arobaini. Mzazi anayetazama na mtoto wake afadhali alitaje jambo hilo, mtoto asije akadhani kwamba kila anayeugua saratani ya damu ni wa kufa. Huku kwetu Afrika wanaopona bado ni wachache mno kuliko walioko katika nchi tajiri, na sababu moja ni kwamba wengi hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa.

Kuhama kwa miaka kulileta faida moja pia. Mwaka 1958 shule za North Carolina, isipokuwa chache zilizokuwa zimeanza kupokea wanafunzi wawili watatu, zilikuwa zikiwatenga weusi na weupe. Eric, rafiki mkubwa wa Landon, ameigizwa katika sinema na Al Thompson, kijana mweusi. Katika mji wa riwaya Eric wa namna hiyo asingeketi darasa moja na Landon. Hapo sinema ilifungua mlango ambao wakati wa kitabu ulikuwa umeufunga.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha hadithi hizi mbili kabisa, nalo ni jinsi kila moja inavyopima mapenzi.

Katika sinema Jamie ana orodha ya mambo anayotaka kuyafanya kabla ya kufa. Anataka kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, anataka mchoro mwilini, anataka darubini kubwa ya kutazamia nyotamkia, na la kwanza kabisa anataka kufunga ndoa katika kanisa walimooana wazazi wake. Landon anayatimiza moja baada ya jingine. Anampeleka kwenye mpaka wa majimbo mawili na kumsimamisha, mguu mmoja huku na mwingine kule. Anambandika kipepeo begani. Anasajili nyota kwa jina lake. Anaijenga darubini. Ni mambo ya kupendeza, na sioni haya kukiri kwamba tendo la mpakani ni la werevu mkubwa, tena halikugharimu kitu ila petroli.

Katika riwaya orodha hiyo haimo. Kilichomo ni mikebe. Jamie amesambaza mikebe na chupa za kuchangia mayatima katika maduka na ofisi za mji mzima, na anamwomba Landon amsaidie kuzikusanya. Landon anazunguka, anazikusanya, anahesabu, na kukuta kwamba watu wa Beaufort wametoa senti za aibu. Jamie amekuwa akizungumza kwa furaha juu ya zawadi atakazowanunulia watoto hao Krismasi. Basi kijana anatoa akiba yake mwenyewe, anaichanganya na zile senti, na kumkabidhi Jamie bila kumwambia neno. Jamie anafurahi akiamini kwamba ni mji uliotoa.

Linganisha matendo hayo mawili. Darubini inaonekana, Jamie anaiona, baba yake anaiona, sisi tunaiona, na muziki unapanda. Fedha za mkebeni hazionekani na mtu. Landon hapati shukrani, hapati busu, wala wakati huo hajajikubalia kwamba anampenda. Kijana akijifunza mapenzi kutoka kwa sinema hii, atajifunza kwamba kumpenda mtu ni kumwandalia mambo ya kumshangaza, na ikiwezekana yawe makubwa. Hilo si uovu, lakini tuwe wakweli: ni somo ambalo wenye maduka ya kadi na maua wangelilipia. Akijifunza kutoka kitabuni, atajifunza kwamba mapenzi yalianza siku kijana alipomfichia msichana aibu ya mji wao. Watoto wetu wanaoishi katika zama za kupiga picha kila zawadi ili marafiki waione wana haja zaidi na mkebe kuliko darubini.

Mikebe hiyo ingechukua dakika nne za sinema. Kuiacha nje nakuona kama kosa kubwa kuliko yote ya watengenezaji wake.

Hata hivyo nisije nikaonekana mpiga ngoma wa upande mmoja. Kuna mahali ambapo sinema inakishinda kitabu, tena kwa mbali, na mahali hapo ni Jamie mwenyewe.

Jamie wa riwaya ni mwema kupita kiasi. Hakasiriki, hajibu, hana doa. Kila linalompata analipokea kuwa mpango wa Mungu, na mbele ya dharau hutabasamu. Kuna usiku anaosindikizwa nyumbani baada ya mazoezi ya mchezo, na Landon, aliyechoka kuchekwa na wenzake kwa ajili yake, anampasukia kwa maneno makali ya kumkana. Jamie analia, lakini hana hata neno moja la kumrudishia. Wasomaji wengi wa kike huniambia kwamba hapo ndipo hutamani kuingia ndani ya kitabu wamtikise mabega. Yawezekana sababu ni kwamba mtunzi alikuwa akimwandika mtu aliyempenda. Sparks ameeleza kwamba Jamie aliongozwa na dada yake mdogo, Danielle, aliyeugua saratani na kufariki mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya riwaya kutoka. Ni vigumu kumpa dosari mtu ambaye unamuuguza.

Sinema ilimpa Jamie meno. Mandy Moore, mwimbaji ambaye alikuwa hajatimiza miaka 18 ilipokuwa ikipigwa, anamwigiza kama msichana anayejua vizuri kwamba anachekwa na ameamua kwamba hilo ni tatizo la wanaocheka. Ukumbuke Landon anapomkana mbele ya marafiki zake, kisha anaenda kwao kisirisiri kuomba radhi. Jamie hatabasamu kitakatifu. Anamfungia mlango. Na kijana anapoendelea kubembeleza urafiki wa mafichoni, Jamie anamwonyesha kwa maneno machache jinsi ombi lake lilivyo la kipuuzi. Binti yangu angekuwa na umri wa kutongozwa, ningependa aione sehemu hiyo mara tatu. Msichana asiyekubali kupendwa gizani na kukanwa mchana hayumo katika riwaya ya Sparks, na amepatikana kwa kalamu ya Karen Janszen na sauti ya Mandy Moore.

Mchezo wa kuigiza nao umebadilishwa. Kitabuni ni mchezo wa Krismasi ulioandikwa na mchungaji Hegbert mwenyewe, Jamie akiwa malaika. Jamie anapotokea jukwaani na nywele zake zimefunguliwa, Landon anapaswa kusema maneno ya mchezo kwamba ni mrembo, na kwa mara ya kwanza anayasema akiyaamini. Sinema imeleta mchezo wa majambazi wa mjini, gauni la buluu na wimbo, kisha Landon anambusu mbele ya wazazi. Lile la kitabu ni la kimya zaidi, lakini ukweli ni kwamba jambo la kimya kama hilo haliwezi kupigwa picha kwa urahisi. Msomaji yumo ndani ya kichwa cha Landon na anajua maneno yalivyomgeuka mdomoni. Mtazamaji yuko nje, kwa hivyo inambidi apewe wimbo.

Nilisema kwamba kuna mambo yaliyopotea pamoja na mwaka 1958. Kubwa kati ya hayo ni babu. Katika riwaya, utajiri wa akina Carter ulitokana na babu yake Landon, mtu aliyeuza pombe haramu wakati ilipopigwa marufuku na kuwakamua maskini kwa mikopo. Hegbert alipokuwa kijana alimfanyia kazi babu huyo, akaona mambo yake, akaacha na kuingia katika uchungaji. Ndiyo maana hana imani na jamaa ile, na ndiyo maana kijana wa akina Carter kukaa barazani kwake si jambo dogo. Baadaye Jamie anapozidiwa, babake Landon, ambaye ni mbunge huko Washington na mgeni katika nyumba yake mwenyewe, ndiye anayelipia vifaa na wauguzi ili msichana auguzwe nyumbani badala ya hospitalini. Fikiria, msomaji: mali ile ile ambayo Hegbert aliikimbia kwa kuwa ilinuka dhambi ndiyo inayomlaza binti yake kwenye kitanda chake mwenyewe. Naye anaipokea. Mtunzi hapigi mbiu juu ya jambo hilo. Linapita tu, na msomaji asiye makini hulikosa.

Sinema imemfuta babu na kumfanya baba kuwa daktari aliyeachana na mamake Landon. Usiku wa kuamkia maafa kijana anamwendea baba ambaye hawazungumzi, anamwomba amponye Jamie, na baba anajibu kama daktari, kwamba hawezi kufanya lolote bila kumwona mgonjwa. Landon anaondoka na gari huku akilia. Baadaye baba analipa gharama, mwana anarudi mlangoni, na wanakumbatiana. Kwa watoto wanaolelewa na mzazi mmoja, nao ni wengi katika mitaa yetu, huenda sehemu hii ikawagusa kuliko chochote kilichomo kitabuni. Siidharau. Ila ni habari ya baba na mwana peke yao, ilhali riwaya ilikuwa na habari ya mji mzima na deni lake la zamani.

Na mji huo ndio unaorudi siku ya arusi. Jamie wa kitabuni, tangu mapema, ana tamaa moja: aolewe kanisani, na kanisa lijae watu. Ukiisoma mara ya kwanza unaona ni ndoto ya kawaida ya msichana. Ukijua alivyotengwa, unaelewa ni kwa nini alitaka wajae. Siku inapofika Beaufort yote inakuja, wakiwamo wale waliomcheka. Eric naye amekwisha kuja kuomba msamaha na kuleta mchango mkubwa kwa mayatima, kana kwamba anailipa ile mikebe. Jamie hawezi kutembea vizuri. Analetwa kwa kiti cha magurudumu, kisha anasimama, anashikwa mkono na baba yake mzee, na safari fupi ya kufika madhabahuni inakuwa ndefu kwa sababu inambidi apumzike njiani. Hayo ndiyo matembezi yanayoipa riwaya jina lake.

Katika sinema Jamie anatembea akiwa mrembo na mzima wa kutazamwa. Nimejaribu kuwatetea waongozaji kwa kusema kwamba watazamaji wasingeyahimili, lakini utetezi wangu haunishawishi hata mimi. Riwaya ilikuwa imetuweka kwa majuma mengi ndani ya chumba cha mgonjwa, Landon akimsomea Biblia, mchungaji akikaa kwenye kiti chake bila neno la kuhubiri, mwili wa Jamie ukipungua siku baada ya siku. Sinema inayapita hayo kwa dakika chache. Jamaa yoyote iliyowahi kuuguza mtu nyumbani hadi mwisho inajua kwamba kazi yenyewe ilikuwa kule chumbani. Kijana anayependwa kwa darubini hajui bado kama atapendwa anaposhindwa kushika kijiko.

Hapa mzazi anaweza kuwa na wasiwasi mwingine: vijana wa shule wanaoana! Jambo hili lina uzito tofauti katika hadithi hizi mbili. Marekani ya mwaka 1958 vijana waliotoka tu sekondari walioana kwa wingi, kwa hivyo kinachoshangaza kitabuni si umri wao. Katika sinema ya mwaka 2002 ndoa hiyo ni kitu cha ajabu kinachowezekana tu kwa kuwa bibi arusi anakufa. Huku kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa wote, mwanamume na mwanamke. Hapo panaweza kuzuka mjadala mzuri wa mezani, na usishangae, mama, binti yako akikushinda kwa hoja.

Mchungaji amebadilika pia. Yule wa kitabuni ni mzee mkali ambaye mkewe alifariki kwa uzazi wa mtoto huyu mmoja tu waliyempata baada ya mimba kadhaa kuharibika. Katika sinema Peter Coyote amemfanya mpole zaidi, mwenye macho ya mtu asiyelala, na hapa sitaki kuchagua. Wote wawili ni baba anayetakiwa kumkabidhi mwanawe kwa mume na kwa kaburi katika mwaka mmoja.

Wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani ya fasihi wanielewe. Vikundi vya maigizo vinavyozuru shule na kuwaonyesha vitabu vya kutahiniwa vinafanya kazi ya maana, lakini anayeigiza amekwisha kuchagua kwa niaba yako. Amechagua nani aachwe, nani asimulie, na nini kipewe muziki. Ukienda kwenye chumba cha mtihani na chaguo lake, utaandika kwamba babake Landon ni daktari, na mtahini anayeuliza habari za riwaya atakukata alama bila huruma. Mpango wangu nyumbani ni huu: kitabu kwanza, kwa kuwa ni chembamba na kinasomeka kwa siku mbili tatu za likizo, kisha sinema, jamaa nzima ikiwapo, na mtoto ndiye awaeleze wakubwa kilichokatwa. Ukigeuza mpango huo, kila Jamie utakayemsoma atakuwa na uso wa Mandy Moore, na Jamie wa mwaka 1958 hatapata nafasi ya kuzaliwa kichwani mwako.

Nimalizie na ubishi ambao haujaisha kati ya walioisoma na walioitazama: je, Jamie alikufa?

Kwa waliotazama hakuna ubishi. Wanaoana, wanapata kiangazi kimoja pamoja, na Jamie anakufa. Miaka minne inapita, Landon anakuja kumwona mchungaji kumwarifu kwamba amekubaliwa kusomea udaktari, na anasikitika kwamba Jamie hakuuona muujiza aliokuwa akiutamani. Mchungaji anamjibu kwamba aliuona, na muujiza huo ulikuwa Landon. Ni jibu zuri, na ndilo linalomaliza vitambaa vya kufutia machozi.

Walioisoma hawakuambiwa hivyo. Riwaya inasimama pale pale kanisani, kisha mzee wa miaka 57 anarudi kwa aya chache. Anasema bado anampenda, na pete hajaivua kwa miaka arobaini. Anasema kwamba sasa anaamini miujiza hutokea. Kaburi hatuonyeshwi. Wala hatuambiwi ni nani anayemngojea nyumbani baada ya matembezi yake ya jioni. Wanaosema Jamie alikufa hutegemea ile namna ya kusimulia ya mtu anayekumbuka kwa uchungu. Wanaosema alipona hutegemea lile neno la mwisho juu ya miujiza. Nimewasikia wakibishana kwenye matatu hadi kondakta akauliza Jamie ni wa mtaa gani. Kurasa zenyewe za mwisho ni mbili tatu tu. Zisome polepole, uangalie mzee anatumia wakati gani wa kitenzi kila anapomtaja mkewe, kisha uamue.